Maneno ya Wazee Katika Kinywa cha Kijana: Uhakiki wa Albamu ya Luis Miguel, Romance (1991)

Aghalabu wahakiki wa ushairi huziepa nyimbo za mapenzi zinazopendwa na vijana kwa kisingizio kwamba hazina uzito wa kifasihi. Makala haya yanaiteua kazi moja ya aina hiyo, albamu Romance ya mwimbaji wa Meksiko Luis Miguel, ili kuchunguza swali ambalo mwanafunzi wa ushairi hawezi kulikwepa: maneno ya mapenzi yaliyotungwa na watu wazima hubeba maana gani yanapotamkwa na kijana ambaye mashabiki wamemjua tangu utotoni?

Luis Miguel alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mwaka wa 1970. Albamu yake ya kwanza, Un sol, ilitolewa mwaka wa 1982 angali mtoto, na mwaka wa 1985, akiwa na umri wa miaka 14, alipata tuzo ya Grammy kwa wimbo alioimba pamoja na Sheena Easton. Kwa muda wa takriban miaka kumi alikuwa kipenzi cha wasichana wa Amerika ya Kilatini. Mwaka wa 1991 kampuni ya kurekodi ilimdai albamu nyingine, na mpango wa kuitayarisha pamoja na mtunzi wa Uhispania, Juan Carlos Calderón, haukufaulu. Ndipo lilipozuka wazo la kurekodi bolero za kale. Armando Manzanero (1935–2020), mtunzi mashuhuri kutoka Yucatán, aliitwa kusaidia, naye Bebu Silvetti wa Ajentina akapanga ala. Ikumbukwe basi kwamba chanzo cha kazi hii hakikuwa mapenzi ya jadi, bali shinikizo la biashara. Hilo halipunguzi thamani yake. Tungo nyingi zinazosifiwa leo zilitungwa kwa sababu mtu fulani alilipa.

Bolero ilizuka Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19, ikavuka bahari hadi Meksiko, ikakuzwa na redio, filamu na vikundi vya magita na sauti tatu kama vile Los Panchos, kilichoundwa New York mwaka wa 1944. Kufikia miaka ya 1980 vijana wengi waliiona kuwa muziki wa babu na nyanya zao. Nyimbo 12 za Romance zimetoka katika ghala hilo: "Cuando vuelva a tu lado" ya María Grever ni ya mwaka wa 1934, "Inolvidable" ya Mkuba Julio Gutiérrez ni ya 1944, na "La barca" ya Roberto Cantoral ni ya 1957. Kwa hivyo nafsineni katika nyingi ya tungo hizi iliumbwa kabla ya mwimbaji mwenyewe kuzaliwa.

Mfano ulio bora zaidi ni "Usted", wimbo wa Gabriel Ruiz na José Antonio Zorrilla. Anwani yenyewe ni kiwakilishi cha nafsi ya pili. Kihispania kina namna mbili za kumwita mtu mmoja: tú kwa mwandani, na usted kwa mtu anayestahiwa au asiyezoeleka. Aidha, usted huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu, kana kwamba msemaji anamzungumzia mtu asiyekuwapo. Katika wimbo huu nafsineni inamlaumu mpenzi kwa mateso yake yote, inakiri kwamba inakaribia wazimu, lakini haithubutu hata mara moja kutumia tú. Woga wa kumkaribia mpenzi, ambao ndio kiini cha maudhui, umo ndani ya sarufi kabla haujatajwa kwa maneno. Mtu mzima wa miaka ya 1950 aliyeuimba wimbo huu alifuata adabu ya kawaida ya wakati wake. Kijana wa miaka 21, aliyezoea kushangiliwa na wasichana wa rika lake, anapoutumia msamiati huohuo, msikilizaji anapata picha nyingine: mvulana aliyempenda mwanamke anayemzidi umri au cheo. Hakuna silabi iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni umri wa sauti.

Mfasiri wa Kiswahili angepata taabu hapa. Akitumia "wewe", woga umetoweka. Akitumia "nyinyi", huenda mpenzi akageuka kundi. Akisema "bibi", msomaji wa Kenya atadhani wawili hao wamekwisha kuoana! Pengine njia iliyosalia ni kuuhamishia umbali huo kwenye uteuzi wa majina ya wito na kuyarudia katika kila ubeti, hata kama vina vitaumia.

"La barca" haihitaji maelezo marefu. Anwani ina maana ya mashua, na sitiari ya kuagana kama chombo kinachoiacha pwani itaeleweka mara moja na yeyote aliyesoma mashairi ya mwambao wa Afrika Mashariki, ingawa hakuna haja ya kudai kwamba upande mmoja uliuathiri mwingine.

Udhaifu wa albamu hii umo katika fani ya muziki. Silvetti ametandaza fidla karibu kila mahali. Gita, ambalo katika bolero za vikundi vya sauti tatu hujibizana na mwimbaji na kumkatiza, hapa limerudishwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba majibizano yamekuwa usemi wa mtu mmoja, jambo linalomfaa nyota lakini linaunyima utungo sauti ya pili. Hata hivyo umma uliikubali: nakala zaidi ya milioni 7 ziliuzwa duniani, na albamu tatu za mkondo huohuo zikafuata mwaka wa 1994, 1997 na 2001.

Lipo jambo moja zaidi. "No sé tú" ya Manzanero, mojawapo ya nyimbo zilizopendwa mno katika albamu hii, ni utungo wa miaka ya 1980, wakati Luis Miguel alikuwa tayari jukwaani. Asiyejua tarehe hawezi kuutenga na ule wa Grever wa 1934, kwa kuwa fidla zilezile zimeifunika miaka hamsini na ushei iliyo baina yao.