Kumlipa msindikizaji wa mzazi katika mwambao wa Rumonge

Doula ni mwanamke anayelipwa kukaa na mjamzito tangu uchungu unapoanza, kuwa naye wakati wa kujifungua na, mara nyingi, kumtazama nyumbani siku za uzazi. Hazalishi. Hapimi njia, hachomi sindano, hakati kitovu. Hayo ni ya mkunga na daktari. Yeye humkanda mgongo, humnywesha maji, humkumbusha kuvuta pumzi, humwita mkunga hali inapobadilika, na haondoki. Hilo la kutoondoka ndilo kubwa, kwa sababu mkunga wa zamu ana wazazi wengine wanaomsubiri.

Faida yake imepimwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 26 kutoka nchi 17 yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kuwa mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hitaji la upasuaji hupungua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, awe wa kulipwa au ndugu. Kusini kidogo ya Rumonge kwenye Ziwa Tanganyika hilohilo, mkoani Kigoma, Tanzania, shirika la Thamini Uhai lilijaribu utaratibu huo katika vituo vya afya vya serikali kati ya 2016 na 2018.

Rumonge, nchini Burundi, familia inafaa ihesabu watu ilio nao kabla ya kuhesabu pesa. Mgonjwa wa hospitali huja na mtu wa kumuuguza, anayeitwa umurwaza kwa Kirundi: ndiye anayeleta uji, anayefua vitenge, anayekimbilia famasi. Burundi ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya umma mwezi Mei 2006, lakini nauli, chakula na teremosi ya maji moto vilibaki kuwa mzigo wa nyumbani. Mtu aliyetumwa famasi hawezi papo hapo kumkanda mama mgongo, kwa hiyo watu wawili ndio mpango ulio salama, mmoja ndani na mwingine wa kutumwa.

Mwambaoni mara nyingine watu hao wawili hukosekana kwa sababu zinazofahamika. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa zao, na uchungu nao hupenda kuanza usiku. Kuna familia zilizorudi kutoka kambi za Tanzania, bibi na shangazi wakabaki upande ule. Kuna mke aliyeolewa mbali na kwao, ambaye mama mkwe wake anauza mawese sokoni kutwa nzima. Anayeishi Minago au Kizuka hutegemea barabara moja ya kandokando ya ziwa, na petroli imekuwa adimu kwa miaka kadhaa sasa. Katika hali hiyo jirani mtulivu anayefika kwa miguu saa nane za usiku ana thamani kuliko mtaalamu aliyeko Bujumbura, kilomita zipatazo 75.

Kabla ya kumpa mtu faranga, mjamzito aulize kliniki: chumba cha kujifungulia kinaruhusu mtu wa pembeni? Amuulize mkunga mwenyewe, si mlinzi wa getini. Palipo na vitanda vilivyopangwa safu bila pazia, jibu huwa hapana, na msaidizi wa kulipwa ataishia kukaa kwenye benchi la nje.

Ndiyo maana, pesa zikiwa chache, ni afadhali ziende kwenye wiki za baada ya kujifungua. Uchungu huisha kwa saa kadhaa na kwa kawaida hupatikana dada wa kujitolea. Arobaini ndiyo inayochosha watu. Siku saba za kwanza wageni hujaa na vyungu vya uji. Wiki ya tatu nyumba ni kimya, mama anachota maji mwenyewe, na kidonda cha upasuaji hakijapona. Msaidizi wa saa chache kila asubuhi, hadi wiki ya sita, hufaa zaidi kuliko wa kulala siku tatu. Kama nyumba ina yaya, yeye apike na kufua. Msaidizi abaki na mama na mtoto.

Wanaopatikana kwa kazi hii ni wanawake wa makamo, wengine wakiwa wakunga wa jadi wa zamani. Uzoefu wao ni mali, lakini wapimwe kwa maswali. Aulizwe atafanya nini mzazi akilowanisha kitambaa kizima kwa damu ndani ya saa moja, au akiumwa kichwa kikali na kuona kiwi, au mtoto akikataa ziwa na kuchemka mwili. Jibu ni moja: kituoni, sasa hivi. Anayeanza kutaja mizizi aagwe kwa heshima, na anayejisifu kwa dawa ya kuharakisha uchungu asikaribishwe kabisa, kwani inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Kukandwa kwa maji moto kuna wapenzi wengi. Yasiwe ya kuunguza, na tumbo lililopasuliwa lisiguswe. Mtoto hapewi maji wala uji mpaka atimize miezi sita. Tena, kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mwambao huu, hivyo msaidizi anawe kwa sabuni kila aingiapo, na maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa.

Makubaliano yafanywe mbele ya mume na mama mkwe, mimba ikiwa ya miezi saba au minane: saa za kuja, usiku unahesabiwaje, nani anamlisha, na siri za nyumba zisifike kisimani. Malipo yagawanywe, nusu mama anapotoka hospitali, nusu mwishoni. Mwisho huo wafaa uwe wiki ya sita, ambayo hukaribiana na arobaini: ndipo mama anapopimwa tena na mtoto anapopata chanjo za wiki ya sita, na msaidizi huwasindikiza kliniki akiwa amebeba daftari la chanjo.