Mikono Iliyonifundisha: Kutoka Bangili Hadi Mdako

Nafundisha darasa la awali na la kwanza hapa Tanga, na nyumbani nina wajukuu. Haya nimeyaokota kwa kutazama, mengine kwa kusoma.

1. Mkono huanzia begani. Mtoto wa miezi minne hivi akiiona bangili ya mama yake hurusha mkono mzima. Unakwenda kwa mishtuko, unapinda hapa, unajirekebisha pale, ndipo ufike. Kuokota punje ya mchele kwa dole gumba na kidole cha shahada husubiri hadi miezi tisa au zaidi.

2. Si lazima auone mkono wake. Mwaka 1993, mtafiti Rachel Clifton na wenzake kule Marekani waliwapa watoto wachanga gizani vitu vinavyolia au kung'aa. Watoto walianza kuvifikia katika umri uleule waliovifikia kwenye mwanga. Misuli na viungo humwambia mtoto mkono uko wapi. Umeme ukikatika nami naimba, vidole vya mjukuu hunifikia usoni vilevile.

3. Miaka saba hutudanganya. Wazazi huniuliza, "Mwalimu, mbona mwaka jana alikuwa mwepesi, sasa kawa mzito?" Mtafiti Laurette Hay wa Ufaransa aliliandika jambo hili mwaka 1979. Wa miaka mitano huurusha mkono kwa haraka, safari ikiwa imepangwa kabla ya kuanza. Wa miaka saba huanza kuufuata kwa macho na kuusahihisha njiani, kwa hiyo hupunguza mwendo. Kwenye tisa hadi kumi na moja, mpango na macho hushirikiana. Katazame mchezo wa mdako: mdogo hutupa kete juu kabla hajajua atakomba nini shimoni, wa darasa la pili hukodoa macho, anachelewa, kete inamwangukia, dada yake wa darasa la tano hukomba huku akipiga soga. Kumwita yule wa kati mvivu ni kumwonea.

4. Sikio halipimi ustadi. Kumpitisha mtoto mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, kama tulivyoandikishwa shule zamani, hupima urefu wa mkono tu.

5. Mtoto asiyetimiza mwaka akitumia mkono mmoja huku mwingine umebaki ngumi, msiseme tu "huyu wa kushoto". Siku ya kupima uzito kliniki, mwonyesheni muuguzi.