Picha za Hali ya Hatari Darasani: Vidokezo kwa Walimu wa Thika na Ruiru

Ikifika Mashujaa Dei, picha za Mau Mau hujaa magazetini na kwenye simu. Nyingi zilipigwa baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwalimu wa Historia, usiishie kuzibandika ukutani. Zihoji.

1. Anza na ile ya Kimathi. Karibu kila mwanafunzi ameiona: Dedan Kimathi amelazwa chini, pingu mikononi, ngozi ya chui mwilini. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957 huko Kamiti, pua na mdomo na Ruiru. Uliza: ni nani aliyetaka aonekane hivi, na mbele ya nani? Wakoloni waliieneza picha hiyo ili kuwavunja moyo waliobaki msituni. Leo vijana wanaivaa kwenye fulana kwa fahari. Kisha waonyeshe sanamu yake ya mwaka 2007 pale Kimathi Street, akiwa wima na bunduki mkononi, wabishane.

2. Funika maelezo. Bandika karatasi juu ya maandishi ya chini. Mtoto akishasoma neno “gaidi”, hatazami tena. Kwanza wataje wanachokiona tu: buti, seng'enge, miguu mitupu. Fasiri baadaye.

3. Isiyo na tarehe wala mahali, weka kando. Hata kama inavutia. Hasa kama inavutia!

4. Msake asiyekuwa na kamera. Wapigapicha wengi wa kipindi hicho walikuwa watu wa serikali, wanajeshi au wanahabari wa kigeni. Ndiyo maana wapiganaji wa Nyandarua tunawaona zaidi wakiwa wamekamatwa au wamekufa, mara chache sana wakipika, wakicheka au wakipanga vita.

5. Muulize shosho. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ua. Ukiitazama picha iliyopigwa kutoka juu, utaona nyumba zimepangwa safi, karibu upendezwe. Njaa haionekani, kafyu haionekani. Hayo wanayo wazee wa Gatundu na Gatanga, na miaka yao imeenda, kwa hivyo wahi. Ila tahadhari: dawati moja linaweza kuketisha mjukuu wa mpiganaji na mjukuu wa homugadi wa wakoloni. Usimlazimishe mtoto kusema babu yake alikuwa upande gani. Akitaka mwenyewe, atasema.

6. Toka na darasa. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi, na kutoka matatu za Thika zinakoshusha abiria ni mwendo wa miguu. Wakuu wa shule, nauli hiyo ipitisheni muhula huu.