Binti Anapobadilika Kila Mwezi: Mwongozo kwa Wazazi wa Kinampanda

Jana alipika huku akiimba. Leo kanuna, kamfokea mdogo wake kwa sababu ya kijiko, kisha kajifungia ndani analia. Wengi tutasema ni kiburi. Lakini yai likishapevuka, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda, kisha hushuka hedhi inapokaribia. Wapo wasichana ambao mshuko huo huwatikisa kuliko wenzao. Kabla ya fimbo na kabla ya kidonge, fuata hatua hizi.

1. Aanze daftari. Aandike kila siku kwa miezi miwili, mstari mmoja unatosha:

Tarehe 4: usingizi mbaya, hasira.
Tarehe 6: nimelia bila sababu.
Tarehe 9: damu imeanza, tumbo linauma.
Tarehe 11: niko sawa.

Hasira zikija wiki moja au mbili kabla ya damu na kutulia siku chache baada ya kuanza, huenda chanzo ni hedhi. Zikidumu mwezi mzima, tafuta sababu nyingine: sonona, upungufu wa damu, au jambo lililompata shuleni au njiani. Mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida kwa umri wake.

2. Zungumza naye akiwa ametulia. Mnapochambua mlenda ni wakati mzuri kuliko katikati ya ugomvi. Uliza, kisha nyamaza umsikilize. Kama kwako anaona aibu, mwite shangazi au bibi yake. Baba naye awakanye kaka za binti wasimtanie.

3. Mpunguzie mzigo siku zinazokaribia hedhi. Alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Awe na pedi au vitambaa safi vya kutosha. Ugali wa mtama au uwele uende na maharage, dagaa na mboga za majani. Chai asinywe pamoja na chakula, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

4. Nendeni kwa mtaalamu na daftari mkononi. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu; ikibidi mtapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Kiomboi. Mwombe mtoa huduma apate nafasi ya kuongea na binti peke yake. Tajeni dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Akiandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango, usishtuke: hutumika pia kutuliza maumivu na kupunguza damu nyingi.

5. Simamia dozi. Dawa ikae kwa mzazi, imezwe saa ileile, na kila kidonge kiwekewe alama daftarini. Akipewa ibuprofeni ya kutuliza maumivu, imezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo amuulize daktari kwanza. Akisahau kidonge, asimeze viwili kwa pamoja kabla ya kuuliza. Akigundulika ana sonona na kuandikiwa dawa zake, zijue kuwa huchukua wiki kadhaa kuonesha nafuu, na hazikatishwi ghafla. Akiwa bweni, mkabidhi matroni dawa pamoja na maelekezo yaliyoandikwa. Asigawane dawa na rafiki.

6. Jua dalili za hatari. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo akisema anataka kufa au kujiumiza, akizimia, au akilowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa. Usimwache peke yake, na ufungie mbali dawa na sumu za shambani. Mwanzoni mwa dawa za sonona ongeza uangalizi, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Mzazi mwenzangu, usinunue dawa dukani kwa kukisia, wala usimpe binti iliyomsaidia jirani. Nunueni daftari wiki hii, mtaalamu apate cha kusoma.