Dondoo muhimu: Gari la zamani likigoma kuwaka, anza na betri
Asubuhi za Juni hadi Agosti jijini Johannesburg, takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, baridi hukaribia nyuzi sifuri, na gari la zamani kama Citi Golf likigoma kuwaka wengi hukimbilia kununua stata mpya. Anza na betri. Baridi huipunguzia nguvu na kuifanya oili ya injini kuwa nzito, hivyo stata hudai umeme mwingi wakati betri ni dhaifu. Utasema taa zinawaka, kwa hiyo betri ni nzima; lakini taa hula ampea chache, stata hula zaidi ya mia. Washa taa kubwa, kisha piga stata: zikififia na ukasikia "tak-tak", chomoa waya za betri, sugua ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, kaza nati. Betri iliyopumzika ikisoma chini ya volti 12.4, ichaji kwanza.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu bila gari kuwaka, betri haina kosa: kagua mafuta, kisha moto wa plagi. Usinunue kipuri kabla ya kupima.