Dhamana ya Nyongeza ya Motokaa ya Haibridi: Inunuliwe au Iachwe?



Mavuno yakiwa mema na fedha za karafuu zikishalipwa, nyumba nyingi hukaa shauri juu ya jambo moja kubwa. Zamani jambo hilo lilikuwa bati la paa au mahari ya kijana. Siku hizi mara nyingi ni motokaa, na motokaa inayotajwa zaidi ni haibridi, kwa kuwa haili petroli nyingi. Aghalabu hutoka Japani ikiwa imekwisha tumika miaka mingi. Bei ikishapatana, muuzaji huongeza neno: "Lipa kidogo zaidi, nikupe dhamana ya miaka miwili." Wengine huiita waranti. Neno hilo ndilo somo letu la leo.

Somo hili tutalipima kwa nchi ya Kitanga, katika milima ya Kigoma, sehemu za Kasulu na Kibondo. Msomaji wa Pemba au Unguja atauliza, Kitanga na karafuu wapi na wapi? Jibu ni mambo mawili. Kwanza, watoto wetu wametawanyika bara kwa kazi na biashara, na fedha ya shamba huwafuata huko kuwanunulia chombo. Pili, ahadi ikipimwa mahali palipo mbali, thamani yake huonekana upesi. Dhamana itakayofaa Kitanga itafaa Wete pia.

HAIBRIDI NI CHOMBO GANI

Haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Zile za kawaida hazichomekwi kwenye umeme wa nyumba. Hujichaji zenyewe kwa injini, na kila dereva anapofunga breki au kuteremka mlima. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, ndiyo iliyotangulia kuenea; Toyota Aqua ilifuata Desemba 2011.

Sehemu ya kuogopwa ni betri kubwa. Katika Prius nyingi za zamani betri hiyo ni vipande 28 vilivyofungwa pamoja. Katika Aqua ni vipande 20. Kipande kimoja kikidhoofika, huvuta vingine vyote chini. Betri hii hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kwa tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tena iko betri ndogo ya volti 12, kama ya motokaa nyingine. Hiyo ndogo ikifa, gari huwa haliwaki kabisa, na mwenye gari hudhani kubwa ndiyo iliyokufa. Yatupasa kulijua hili, maana tofauti ya gharama ni kubwa mno.

DHAMANA YA KIWANDA IMEKWISHA

Huko Japani, Toyota ilitoa dhamana ya sehemu za haibridi kwa miaka 5 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Marekani ilikuwa miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia magari ya mwaka 2020 dhamana ya betri ikawa miaka 10 au maili 150,000. Tazama basi: Aqua iliyoandikishwa Japani mwaka 2013 ilitoka katika dhamana hiyo mwaka 2018, ikiwa kilomita hazikutangulia. Anayeinunua leo hanunui dhamana ya kiwanda hata siku moja. Muuzaji anayesema "ina dhamana ya Toyota" na aonyeshe karatasi.

Kwa hiyo dhamana ya nyongeza ni ahadi ya mtu mwingine: muuzaji mwenyewe, au kampuni aliyopatana nayo. Wala si bima ya barabarani. Bima ile ya lazima humlinda mtu wa tatu utakayemdhuru. Haikulipi betri iliyozeeka. Na kama karatasi uliyopewa imeandikwa kuwa ni bima, uliza kampuni hiyo imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Bara na Visiwani.

AHADI NI DENI, LAKINI DENI HUDAIWA WAPI?

Tuseme kijana yuko Kitanga na motokaa yake. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, mradi wa kilomita 260 hivi uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeleta nafuu kubwa katika nchi ile. Lakini mtu akiiacha lami kuingia vijijini, hukutana na udongo mwekundu: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa mvua. Vumbi lile huingia garini, na feni ya betri hulivuta. Juu ya hayo, gunia la maharage au furushi la nguo likiwekwa kiti cha nyuma huziba lile tundu la hewa. Betri hupata joto, na joto ndilo adui yake mkubwa.

Sasa taa ya hatari imewaka. Karatasi ya dhamana yasema gari lipelekwe gereji ya muuzaji, Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nani atalipa lori la kulibeba? Na likifika, fundi akifungua akakuta vumbi, aweza kusema, "Huu ni uchafu wa njia, haumo katika dhamana." Aweza pia kuuliza kama gari lilibeba abiria kwa nauli, maana mikataba mingi haikubali gari la biashara. Ahadi ni deni, lakini deni lisilodaika ni karatasi tu.

Mwanachama wa Micheweni asicheke. Kama gereji iliyotajwa iko Dar es Salaam, yeye naye ana bahari ya kuvuka.

HESABU

Tupige hesabu kwa mfano. Bei hizi ni za somo tu, kila mmoja aweke zake. Tuseme dhamana ya miaka miwili ni shs. 900,000, na kubadili betri pamoja na ufundi ni shs. 3,000,000.

Watu kumi wakinunua dhamana, hutoa jumla ya shs. 9,000,000. Betri mbili zikifa katika miaka hiyo, mtoa dhamana hulipa shs. 6,000,000 na kubakiwa na 3,000,000. Zikifa tatu, hapati wala hapotezi. Zikifa nne, wanunuzi ndio wamefaidi. Basi swali halisi ni hili: je, magari ya namna hii na umri huu, zaidi ya matatu kwa kumi yatakufa betri katika miaka miwili? Kama fundi asiye na faida katika biashara hiyo aona sivyo, dhamana ni ghali.

Tena tazama kikomo. Mkataba ukisema, "Hatutalipa zaidi ya shs. 1,500,000," hesabu hugeuka: sasa sharti zife sita kwa kumi ndipo wanunuzi warudishiwe walichotoa. Mstari huo mmoja umepunguza thamani ya dhamana kwa nusu, na aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo.

Na yule asiyenunua? Aweke zile shs. 900,000 kando siku ileile, na kila mwezi aongeze shs. 50,000. Baada ya miezi 24 ana shs. 2,100,000. Betri ikiwa haijafa, fedha ni yake, akiba haiozi. Lakini tuseme kweli: ikifa mwezi wa tatu, mfuko wake una shs. 1,050,000 tu. Hapo ndipo udhaifu wa njia hii ulipo, na asiye na mahali pa kuongezea aujue mapema.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Je, betri kubwa imetajwa kwa jina lake katika mkataba, na pia inveta, yaani chombo kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota? Maneno "injini na giabox" hayatoshi.
2. Kikomo cha malipo ni shilingi ngapi?
3. Gereji ziko wapi, na nani hulipa kulifikisha gari?
4. Betri itakayowekwa ni mpya, au ni ile ya zamani iliyobadilishwa vipande viwili vitatu? Vipande vya umri mmoja hufuatana kufa.
5. Ni mambo gani hayamo: vumbi, maji, njia mbaya, abiria wa nauli?
6. Ni huduma gani ya kila mara inatakiwa, na risiti za nani hukubaliwa?
7. Muuzaji akifunga duka, nani atalipa?

Asiyejibu kwa maandishi hajajibu.

USHAURI WETU

Twaona kwamba kwa gari lililotumika, litakalokaa mbali na gereji ya mtoa dhamana, yafaa dhamana iachwe na fedha yake igawanywe. Sehemu ndogo ilipwe kwa fundi wa haibridi, asiye wa muuzaji, alipime gari kabla ya kununuliwa. Atumie chombo cha kusomea kompyuta ya gari, atazame kama nguvu za vipande vya betri zalingana. Aliendeshe mlimani, aone kama kipimo cha betri chapanda na kushuka ghafula, na asikilize kama feni yavuma kwa nguvu mno. Sehemu iliyobaki, iliyo kubwa, iwe mfuko wa betri, usiguswe kwa harusi wala kwa ada.

Kisha gari litunzwe. Tundu la hewa lisifunikwe, na feni na chujio, ikiwa lipo, visafishwe na fundi, hasa mwisho wa kiangazi. Nyaya nene za rangi ya chungwa zisiguswe na asiyejua. Umeme wake huua. Kila huduma iandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini hatusemi dhamana ni mbaya kila mara. Inunuliwe ikiwa mambo matatu yamekutana: betri imetajwa na kikomo chatosha kuibadili, gereji iko mahali unapoweza kufika kwa gharama ndogo, na wewe huna akiba, tena gari likisimama riziki ya nyumba imesimama. Mtu huyo analipia utulivu wake, wala hatumlaumu.

Fedha ya karafuu huja kwa msimu, na msimu mmoja mwema waweza kufuatwa na miwili ya ukame wa mfuko. Mikarafuu imetufundisha kutoitumia neema ya mwaka huu kana kwamba ya mwakani imo ghalani. Motokaa nayo na inunuliwe kwa akili hiyohiyo: bei ya gari, na fedha ya kulitengeneza, zihesabiwe pamoja siku moja. Mwenye fedha ya gari peke yake bado hajawa na fedha ya gari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Dhamana ni shs. 600,000 na betri ni shs. 2,400,000. Sharti zife ngapi kwa watu wanane ndipo wanunuzi warudishiwe walichotoa?
2. Katika tawi letu, gereji ya karibu yenye fundi wa haibridi iko wapi, na kulifikisha gari bovu huko ni gharama gani?
3. Wanachama kumi wenye haibridi wangeweka mfuko mmoja wa betri, wangehitaji masharti gani ili asiwepo wa kudhulumiwa?