Gari la Kupanda Mlima

Bergen ni mji wa inchi ya Norwe, kando ya bahari. Milima imeuzunguka. Mmoja unaitwa Fløyen. Zamani watu walipanda kwa miguu. Tangu mwaka 1918 hupanda kwa gari la kamba.

Magari ni mawili, nayo hupita juu ya reli. Yamefungwa kwa kamba moja ya chuma, iliyozunguka gurudumu kubwa huko juu. Je, mmekwisha kuona ndoo mbili za kisima? Moja ikishuka, ya pili yapanda. Ndivyo yalivyo magari haya. Uzito wa gari linaloshuka wasaidia kulivuta linalopanda. Kwa hiyo mashini ya umeme haina kazi nyingi. Reli ni moja tu, lakini katikati imegawanyika, ili magari yapishane bila kugongana.

Na kamba ikikatika? Kila gari lina breki zake. Hata hivyo mafundi huipima kamba mara kwa mara, maana uzima wa watu unaitegemea.

Baada ya dakika chache msafiri amefika, metre 320 juu ya bahari. Chini aona mapaa ya nyumba, bandari, merikebu na visiwa. Nao wakaao mlimani hushuka katika vituo vya njiani. Hawapandi tena kwa miguu na mizigo yao.

Maulizo
1. Kwa nini magari ni mawili?
2. Hupishana wapi?
3. Mafundi wakiwa wavivu, ni hatari gani yaweza kutokea?